Likizo ya Zuhura

Kwa heshima na taadhima, mimi Sudi Mwinyikai, kiranja wa vyoo bwenini, natangaza kwamba Sheria ya Likizo humruhusu kila mwanafunzi kuishi nyumbani kama mvulana au msichana, apendavyo, na wazazi hawana ruhusa ya kupinga. Nilichagua usichana, na jina la Zuhura, ili nimtanie Baba tu.

Likizo nzima Baba alibabaika. "Su... Zuhura, binti yangu, chai!" Nami niliitikia "Abee!" kwa madaha, kama wasichana waitikiavyo, Mama akicheka.

Asubuhi ya kurudi shule, Baba aliita kwa furaha, "Sudi! Lete begi!"

"Abee!"

Mama aliacha kukoroga uji.

"Mzaha si umeisha?" Baba akauliza.

"Uliisha wiki ya kwanza, Baba. Niliogopa kuwaambia."