Kazi Aliyoikataa Baba

Siku hizi mwigizaji akifa, sura na sauti yake huendelea kuigiza, mradi mtoto wake mkubwa atie saini. Mimi nilitia saini siku ya tatu ya matanga, wageni wakiwa bado wamekaa mikekani.

Fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika kazi ambazo marehemu asingekubali. Niliiacha wazi. Baba yangu, Shaweji Mkomwa, aliigiza miaka thelathini na nane: mlinzi wa geti, mgonjwa wa kitanda cha pili, jirani anayekuja kuomba chumvi. Karani wa kampuni ya tamthilia aliniambia kwamba wanaoachiwa sehemu hiyo wazi ndio hupewa uhusika mkubwa. Nilitaka Baba awe mhusika mkuu, japo mara moja.

Sasa ni mhusika mkuu. Kila alasiri, kwenye tamthilia ya runinga, anampiga mkewe.

Jana aliponyanyua mkono, Mama alijikinga uso kwa ungo wa mchele.

"Huyo si mume wangu," alisema. "Hiyo kazi waliwahi kumletea hapa hapa sebuleni. Akawaambia, 'Nipeni mlevi, nipeni mwizi, hata maiti nitalala, lakini hiyo hapana.' Nani kawaruhusu, Mwanaidi?"

"Kampuni, Mama."

"Basi waandikie. Wewe ndiye uliyesoma."

Akaniletea kalamu. Niliandika kila alichosema, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Sikumwambia kwamba kisheria malalamiko yote hupelekwa kwa aliyetia saini, na yeye ndiye huyajibu.