Folda Iliyobatizwa

"Leo umebatiza nani tena, kukhu?" Wesley aliuliza hata kabla bibi hajaketi.

Navalayo alifungua fundo la leso, akatoa flashi na DVD mbili zilizokataa kucheza. Alikuwa ametoka Lumakanda asubuhi, akisindikizwa na shemeji yake Osundwa mpaka hapa dukani kwa Wesley, mjini Kakamega. Osundwa alibaki nje, akizungukazunguka mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Wesley alifungua flashi kwenye kompyuta, akaguna. Folda iliyopaswa kuitwa VIDEO_TS sasa iliitwa BABA WERE.

"Hongera. Jina tamu kweli. Shida ni kwamba deki haimjui Baba Were."

"Jirani yetu Gentrix alinifungulia kompyuta yake, mjukuu wangu. Nikaona maneno ya mume wangu yamepewa jina la kizungu, nikasikia vibaya."

Zile DVD mbili alizichoma Wesley mwenyewe kutoka kwenye flashi hiyo, bila kuangalia ndani yake. Fundi mkubwa haangalii. Kuchoma ni kazi ya kompyuta. Yake ni kulaumu wateja.

"Deki hutafutanga VIDEO_TS, herufi kubwa. Na faili hizi za ndani, VOB, IFO, zikae vile zilivyo. Ukibadilisha, haichezi. Si nilikwambia? Ama nilikuwa naambia ukuta?"

"Haichezi kwa deki yoyote?"

"Yoyote."

"Hata ile mpya ya Osundwa?"

"Hata ukiifungia na kuiombea."

Navalayo aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekariri mstari wa Biblia.

Wesley alimhurumia. Habari ilishafika mjini: mzee Were, kabla ya kufa, alirekodiwa akisema shamba lake litamwendea nani. Jumamosi wazee wa ukoo wangeketi mbele ya televisheni. Wasipoona kitu, wangeamua wenyewe. Na Osundwa alilitaka shamba hilo wazi wazi, bila haya. Wesley, mwenye huruma nyingi na akili kuzidi huruma, alishajua nani mwizi na nani mjane.

Akarekebisha jina, akachoma, akatia DVD kwenye deki. Mzee akatokea, akakohoa. "Mimi Were, nikiwa na akili timamu…"

"Zima!" Navalayo alisema. "Sauti yake itaniua."

Wesley akazima. "Umeokoka, kukhu. Osundwa kwisha."

Bibi aliipokea DVD, akaifunga kwenye leso vizuri, kisha akaikunja kwa mikono miwili mpaka ikalia ta! Akaivuta kibodi. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika juu ya jina la folda: BABA WERE.

"Kukhu! Nimekufundisha nini mimi?"

"Umenifundisha vizuri sana, mwalimu. Sasa choma hivyo hivyo, haraka, kabla shemeji hajaingia. Shamba lote mzee alimpa yeye."