Fundo la Mbeleko

Marit, msichana aliyetoka ng'ambo kujitolea kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu, alisogeza kiti cha magurudumu. Kisha akanyoosha mkono kifuani pa Mama Nasra ili afungue fundo la mbeleko.

"Wee! Toa mkono!" Mama Nasra akarudi nyuma. Fundo la mbeleko, jamani, haligusi mtu ila mama mwenyewe.

Mgongoni, Nasra wa miaka tisa, miguu ikining'inia hadi magotini pa mama yake, akamkumbatia shingo.

"Samahani, mama," Marit akasema.

"Mwache, atazeekea humo mgongoni!" mwanamke mmoja akadakia barazani. Wenzake wakacheka.

Mama Nasra hakucheka. "Akianguka je?"

"Nitakuwepo."

"Mpaka lini, mwanangu?"

Marit akainamisha macho. Mwisho wa mwezi alikuwa anarudi kwao, na wote walijua.

"Mama, nishushe," Nasra akanong'ona.

Kicheko kikakatika. Mama Nasra akalifungua fundo mwenyewe, taratibu, akamketisha mtoto kitini. Akamfunga mbeleko kiunoni, na ncha ya pili akaiviringisha kiganjani mwake.

Nasra akashika magurudumu, akasukuma. Mbeleko ikaanza kunyooka kati yao.