Mlango Haufunguliwi Kienyeji

"Hebu rudia, ni nyumba ipi?" fundi wa vitasa aliuliza kwenye simu.

Mteja, aliyeipata namba ya fundi kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, akarudia mara ya tatu: geti la kijani, mlango wa kahawia, jirani na duka la mikate.

"Usiguse kitu. Nakuja."

Alifika kwa baiskeli kabla mteja hajamaliza kufuta jasho. Akasukuma geti, akairuka ngazi ya pili, ile iliyolegea ambayo ilikwishamchuna mteja goti, kisha akaweka begi la vifaa chini taratibu, kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa mahututi.

"Afadhali umekuja, fundi wangu," mteja alisema. "Nimejifungia nje kama mjinga. Funguo ziko ndani na sufuria iko motoni. Tukichelewa, nyumba yote inageuka mkaa."

Fundi alinusa hewa. Ilinukia mikate tu.

"Pole sana, bosi. Lakini mlango haufunguliwi kienyeji. Kufungua cha mtu bila idhini yake ni kosa la jinai. Kwa hiyo, kabla sijatoa hata bisibisi, lazima niridhike kwamba nyumba ni yako."

"Fundi, sufuria!"

"Sheria haina habari na sufuria."

Akaketi juu ya begi, akakunja nne. "Sebuleni kuna nini?"

Mteja alitupia jicho dirishani, ambako pazia lilikuwa limeacha upenyo mwembamba. "Makochi mekundu. Na televisheni kubwa."

"Ya inchi ngapi?"

"Kubwa, bwana! Nani anakwenda kupima televisheni yake mwenyewe?"

"Kochi lililobonyea ni la upande gani?"

"La... kushoto."

Fundi alishusha pumzi, kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi anayemhurumia. "Haya, tuendelee. Ukutani?"

"Kuna picha ya mama mmoja. Mama mkwe wangu huyo."

"Anafananaje?"

"Fundi, wewe acha tu." Mteja alijisahau, akaanza kunogewa. "Ana uso wa mtu aliyekunywa siki akidhani ni maji. Ukimtazama sana unajikuta unaomba msamaha, na wala hujakosa kitu. Hata saa iliyo pembeni yake imesimama. Nadhani imeogopa."

Fundi alicheka mpaka akaushika ukuta. Alijaribu kurudisha sura ya kisheria, ikakataa. Akacheka tena.

"Hapo," alisema akifuta machozi, "hapo bosi hukudanganya. Maneno hayo hayatungiki, lazima mtu awe amemwona kwa macho."

"Si nilikwambia? Basi fungua! Tumia hata nyundo. Vunja kabisa, mimi nimekuruhusu."

Kicheko cha fundi kilikatika ghafla.

"Nivunje? Kitasa hiki?" Alikipapasa kitasa kama anayebembeleza mtoto mchanga. "Bosi, hebu kiangalie kilivyokaa. Huyu aliyekifunga si mtu wa mchezo. Ukikivunja, sheria inaweza ikakusamehe, lakini mimi, hapana."

"Basi kifungue kwa adabu! Ilimradi niingie!"

"Swali la mwisho. Ukishaingia, utaanza na nini?"

"Na televi..." Mteja alikohoa. "Na jiko! Nitazima jiko kwanza!"

"Jiko liko wapi?"

"Jikoni!"

"Jibu halina dosari," fundi alikiri. Akasimama, akajikung'uta suruali, akamtazama mteja kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Nimeridhika. Mwenye nyumba anajulikana, na mlango utafunguliwa kwa mujibu wa sheria."

"Mungu akubariki, kaka!"

Fundi alilipita begi bila kulifungua. Mkono mmoja akauweka begani kwa mteja, ukakaa hapo, mzito. Mwingine akautia mfukoni, akatoa ufunguo, akauzungusha mara moja tu. Mlango ukaachia.

"Karibu ndani," alisema. "Viatu uviache hapo nje. Mke wangu amepiga deki asubuhi."