Fuko na Uhuru Wake

Hapo kale, tena si kale sana maana magemu yalikuwepo, Fuko mzee hakuwa na hadithi nyingine barazani ila gemu la Nyikani. Enzi zake, alisema, mchezaji alikwenda alikotaka. Tangu mchwa waliolitengeneza walipoingiza handaki la kufuatwa mwanzo hadi mwisho, watoto wanaswagwa tu kama mbuzi wa mnadani.

"Lakini babu, handakini hupotei," mjukuu wake Kidoto alimjibu.

"Mke wangu, kutopotea nako ni kucheza?"

Lawama za wazee zilipozidi, mchwa wakasalimu amri. Toleo jipya likaja na nyika tupu, bila njia wala mshale. Vijana wakanuna kwamba wazee wamewaharibia gemu. Fuko mzee akamwinua Kidoto kitini, akashika padi ya kuchezea.

"Tazameni uhuru!"

Akasimama katikati ya nyika. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Kila upande kulikuwa kweupe, na jasho likaanza kumtoka. Mara akabonyeza kitufe cha kuchimba, akazama ardhini, akanyoosha moja kwa moja mpaka ukingoni, akaibuka akihema.

"Mmeuona upana wake?"

Kidoto akatazama kioo. Nyika yote ilikuwa vilevile, isipokuwa matundu mawili.

"Tumeuona, babu. Hebu tupishe, nasi tupite humohumo."

Wakapita wote, mmoja nyuma ya mwingine, wakishangilia. Fuko mzee akafuta machozi ya furaha: hatimaye vijana wameujua uhuru.