Visaa Viwili na Kikombe cha Bwana

Mzee Zabron alichungulia dirishani. Mkewe, Tukuswiga, alikuwa bado bandani anakamua ng'ombe. Haraka haraka, mkono ukimcheza kama kawaida yake, akatoa kisaa kilichokuwa juu ya Biblia akakiweka kwenye ungo wa kahawa. Cha kwenye ungo akakihamishia kwenye Biblia. Kwisha kazi! Akaenda zake kunawa uso.

Visaa hivyo vililetwa Igamba na Judith, mtafiti wa ugonjwa wa kutetemeka. Vilifanana kama pacha na havikuonyesha hata saa; kazi yake kupima mtikisiko wa mkono. Cha kwenye Biblia kilikuwa cha Zabron, mgonjwa. Cha kwenye ungo kilikuwa cha mkewe, mzima wa kulinganishwa naye.

"Vikijaa chaji mvae, msivue mpaka Jumamosi," Judith aliagiza. "Halafu, baba, utakwenda mjini kupigwa picha ya ubongo."

"Ubongo! Wakiyaona na ninayoyawaza je?"

Lakini kilichomnyima raha si picha. Ni kikombe cha Meza ya Bwana. Miaka thelathini alikishika yeye, mpaka Pasaka alipomwaga divai kwenye gauni jeupe la mama mchungaji. Wazee wa kanisa wakataka kumpa Gwakisa, yule Gwakisa wa kujisikia! Zabron akapayuka mbele yao: "Subirini kipimo! Kikisema natetemeka, namwachia."

Mdomo uliponza kichwa.

Wiki nzima alitembea kifua mbele. Tukuswiga naye alichangamka ajabu, hata akalipiga pasi koti la mumewe la kanisani.

"Kikombe utakishika tu, Baba Ipyana," alisema. "Mungu ana njia zake."

Jumamosi Judith akafungua kompyuta. Gwakisa alikuwapo, ametumwa na wazee kusikiliza.

"Mama ni mzima kabisa," Judith alisema. "Baba, pole. Mkono wako unatetemeka kutwa nzima."

Gwakisa akakohoa, akaiweka tai yake sawa.

"Haiwezekani!" Zabron aliruka kitini, akamgeukia mkewe. "Mama Ipyana, visaa nilivibadilisha mimi mwenyewe, ulipokuwa unakamua!"

Tukuswiga akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yesu wangu! Na mimi nikavibadilisha ulipokwenda kunawa!"