Tarumbeta la Baba Nsia

Leo tarumbeta limerudi nyumbani! Nimeomba kwa siku tisini, na Mungu amejibu.

Tangu watu wajue kujitengenezea bunduki kwa kipande cha bomba, mtu haruhusiwi kuwa na bomba lolote, liwe la maji au la muziki, mpaka nyumba yake ipimwe hasira kwa siku tisini. Kipimo hukaa ukutani. Sauti ikipanda kwa ugomvi, mnaanza kuhesabu upya. Na hata mkishapewa bomba, kipimo hakiondoki. Mkigombana, wanakuja kulichukua. Sisi tulianza upya mara nne, zote kwa sababu yangu.

Mchana mume wangu aliingia uani amelikumbatia kama mtoto mchanga. Majirani wakapiga vigelegele.

"Mama Nsia, wewe umenyamaza siku tisini?" mmoja wao, Anaeli, alinitania. "Muujiza huo umeshinda ule wa Kana!"

"Subirini Pasaka," nilimjibu nikicheka. "Alfajiri tutawaamsha mpaka walioko makaburini!"

Tulipobaki wawili, mume wangu alipiga pambio moja, nikalia kwa furaha. Kisha akaliweka tarumbeta mapajani, akasema kwa upole sana:

"Mke wangu, sasa naweza kukwambia. Lile shamba la kahawa alilokuachia mama yako, nimeliuza."

Nilikitazama kipimo ukutani. Pasaka ilikuwa keshokutwa. Nikavuta pumzi, nikamwomba Bwana anishike ulimi, nikatabasamu.

"Baba Nsia," nikamwambia, "piga pambio jingine."